Muhuri Chini ya Tangi

Mara ya mwisho mliniacha nimeshika simu mkononi, jirani wa shangazi akinipigia kelele sikioni kuwa jiko limelipuka. Wengi mmeandika mkiuliza kama shangazi alikufa. Hakufa. Nimeona nianze na hilo, maana katika haya yanayofuata hakuna afadhali nyingine ya kuwapa.

Kwa anayenikuta leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mwenye duka la vyombo vya nyumbani. Mdogo wangu ni fundi wa majiko ya pampu, yale ya mafuta ya taa yenye tangi la shaba. Watu humwita Mashoto kwa sababu kila kitu hukifanya kwa mkono wa kushoto. Tulipobaki yatima tulilelewa na shangazi, dada wa marehemu baba yetu. Hao ndio watu watatu wa kisa hiki. Mwongo ni mmoja tu, naye ndiye anayeandika.

Mashoto akimaliza jiko hulipampu mpaka tangi lijae upepo, akalizamisha kwenye karai la maji, akakaa analitazama. Kikitoka kiputo kimoja, jiko linarudi mezani. Kisipotoka kitu, analipindua na kuligonga muhuri kitakoni: duara, na ndani ya duara neno NYUMBANI. Hugonga kwa nguvu neno lizame.

“Likimsumbua mtu,” husema, “ajue pa kulirudisha.”

Muhuri huo ndio uliotukosesha riziki.

Namkumbuka mama mmoja aliyelishika jiko la Mashoto, akalipapasa, akalisifu mpaka nikaanza kutafuta karatasi ya kulifungia. Kisha akalipindua. Akasoma. Akalirudisha rafuni polepole, kama mtu aliyepakata mtoto wa mwenzake akagundua amelowa.

“Kumbe la hapa hapa,” akasema. “Si litanilipukia?”

Wa namna hiyo walikuwa wengi. Nikamwomba Mashoto aache kugonga muhuri. Akanitazama kama niliyemwambia aache kuoga.

“Dada, jiko lisilo na muhuri ni jiko ambalo halijapimwa.”

Basi nikaazima tupa yake, ile ya kunolea vyuma. Nikamwambia kitasa cha duka kinakwama, nataka kukisugua kidogo. Alinipa bila swali, wala hakunidai tena.

Nilijifungia chumba cha nyuma cha duka nikaanza kusugua. Neno lilikuwa limezama, nami nikasugua mpaka likaisha. Nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeusi inayong'aa, nikabandika karatasi yenye jina la kigeni. Jina lenyewe nililitunga mimi, halina maana katika lugha yoyote duniani. Wateja walishindwa kulitamka, wakaamua kuliita jiko Mgeni.

Yule mama alirudi. Alinunua Mgeni kwa bei mara mbili, na kabla ya kuondoka akanigombeza kwa nini siku ile nilitaka kumuuzia takataka.

Miaka minne nimekula kwa tupa ile. Mashoto nilimwambia majiko yake yanachukuliwa na wachuuzi wa mbali, naye akaniamini kwa sababu mimi ndiye niliyemshika mkono siku ya kwanza ya shule. Ila habari za Mgeni zilimfikia, na zilimnyima raha.

“Dada, niletee moja nilifungue,” alikuwa akiniambia. “Nione wenzetu wanafanyaje.”

“Yameisha,” nilimjibu. Miaka minne yameisha.

Na shangazi je? Shangazi alikataa kabisa jiko la Mashoto. “Huyu nilimfundisha mwenyewe kufunga kamba za viatu,” alisema, “na mpaka leo zinafunguka njiani.” Nikampelekea Mgeni kama zawadi. Alilifuta vumbi kila asubuhi. Mashoto akienda kumsalimia hukatazwa kuingia jikoni, asije akalifungua. Husimuliwa sifa zake akiwa sebuleni, na huitikia kila sifa kwa adabu.

Sasa tuingie hospitali.

Tulimkuta kitandani amefungwa bandeji mikono yote miwili, na nyingine imezunguka kichwa na kufunika macho. Muuguzi alisema uso utapona, macho bado hawajui.

“Nani hao?”

“Ni sisi, shangazi. Mimi na Mashoto.”

“Jiko liko wapi?”

Tukatazamana.

“Liko kwako, shangazi,” Mashoto akasema. “Usiwaze jiko.”

“Wasilitupe. Kosa ni langu, nilipampu kupita kiasi. Kitu cha nje hakilipuki hivi hivi.” Akatafuta pumzi. “Wewe shukuru Mungu halikuwa lako. Lako lingenimaliza kabisa.”

Alitaka tucheke. Ndivyo alivyo, akiumwa hutania. Mashoto alijaribu kucheka, akaishia kujifanya anakohoa.

Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa watatu tu, hakuna mgeni. Nilifungua mdomo, nikamuuliza shangazi kama anataka maji.

Mashoto alitangulia kuondoka. Alisema anakwenda kusafisha chumba cha kupikia cha shangazi, masizi yamefika darini, na huko atalichukua lile tangi.

“La nini?” nikauliza, haraka kuliko nilivyopaswa.

“Dada, nimesubiri miaka minne kuliona kwa ndani.”

Kesho yake mchana alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye habari njema anayeona haya kuwa nayo katika wakati mbaya.

“Njoo karakana.”

Nilifunga duka nikaenda. Tangi lilikuwa mezani, jeusi, limepasuka kitakoni, kingo za mpasuko zimejikunja nje. Mashoto alinivuta mkono kama alivyokuwa akinivuta utotoni kunionyesha kiota cha ndege.

“Tazama mshono huu. Shaba imekunjwa mara mbili, kisha ikalazwa kuelekea kulia. Mafundi wote unaowajua wanailaza kushoto. Unajua nani anailaza kulia?”

“Sijui.”

“Mtu wa mashoto.”

Nilijifanya nautazama mshono.

“Kwa hiyo?” nikauliza.

“Kwa hiyo huko ng'ambo kuna mwenzangu.” Akatabasamu, na tangu ajali sikuwa nimeliona jino lake. “Fikiria, dada. Miaka yote hii Mgeni ananipiku, namwonea wivu usiku na mchana, kumbe ni mtu wa mashoto kama mimi. Labda naye kwao walimchapa ili ashike kalamu kwa mkono wa kulia.”

Nilitaka kulia. Alikuwa amejipatia rafiki, na rafiki mwenyewe ni yeye.

“Ngoja nitoe rangi,” akasema, “nione alivyolehemu.”

“Mashoto, acha. Twende kwa shangazi.”

“Dakika mbili tu.”

Akalowesha kitambaa kwa mafuta, akaanza kufuta. Rangi ikatoka kwa vipande. Pembeni mwa mpasuko, mahali ambapo mkono wangu ulikuwa umechoka kusugua siku ile, pakatokea kipande cha duara. Ndani yake, mguu mmoja wa herufi N.

Tabasamu lilikaa usoni mwake muda mrefu kidogo kuliko lilivyostahili. Kisha likaondoka.

“Hili ni langu,” akasema.

Nilijibu upesi, kama mtu aliyelipanga neno lake mapema. Na kweli nilikuwa nimelipanga. “Ni wale wachuuzi. Wanayachukua kwako wanayapaka rangi, wanabandika jina. Si umesikia watu wa siku hizi?”

Hakunisikia. Alikuwa amepitisha kidole kwenye ukingo wa mpasuko, anaupima unene kwa ngozi ya kidole chake, jambo analoweza kulifanya hata amefumba macho.

“Hapa ni pembamba,” akasema. “Pembamba mno. Ni kama karatasi. Na ni pale pale pa muhuri.”

Nikajua amefika. Nikajua sasa atageuka anitazame.

Akageuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

“Niligonga kwa nguvu mno, dada. Muhuri wangu ndio ulioila shaba. Kila jiko nililigonga hivyo, ili lisomeke, ili watu wajue ni mimi. Na wewe ulinikataza. Uliniambia acha muhuri, nikajifanya najua kukushinda.”

Ndugu zangu, nimetukanwa sana katika maisha yangu, na wiki zilizopita mmesoma. Hakuna tusi lililowahi kuniingia kama neno lile, ulinikataza. Nilikuwa na jibu lake mdomoni. Muhuri haukuila shaba. Shaba iliyopita kwenye karai la maji ilikuwa nzima. Ni mimi niliyeila, kwa tupa, baada ya yeye kumaliza kupima. Jiko alilolipima Mashoto silo nililompa shangazi.

Nilisema, “Usijilaumu.”

Alichukua muhuri wake, kile kipande cha chuma alichokichonga mwenyewe akiwa na miaka kumi na tisa, akakiweka juu ya fuawe na kukiponda kwa nyundo. Alikiponda mpaka neno likavurugika. Kisha akainua karai, akamwaga maji yote uani.

“Kesho namwambia shangazi mimi ndiye niliyemchoma,” akasema. “Halafu tuwatafute wote walionunua, tuyakusanye. Wachuuzi wako unawajua wanakokaa?”

Wachuuzi wangu walikuwa wakikaa nyumbani kwangu, wakivaa nguo zangu.

“Nitawatafuta,” nikasema.

Nilirudi dukani nikiwa na nia moja, na naapa ilikuwa nia ya kweli. Rafuni yalikuwa yamebaki majiko mawili ya Mgeni. Nilikwenda kuyashusha. Mikono yangu ilikuwa imeshalishika la kwanza pale mwalimu alipoingia.

Ni mwalimu wa kike, mstaarabu, nilimwona mara moja tu kabla ya hapo. Mgongoni alikuwa na mtoto amelala.

“Hilo hilo,” akasema. “Nimetembea maduka matatu.”

“Hili haliuzwi, mwalimu.”

“Limeshanunuliwa?”

“Hapana. Ni bovu. Limesuguliwa kitakoni, linaweza kupasuka.”

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayewajua wenye maduka. “Yaani mnawawekea wakubwa, sisi wengine mnatuambia ni mabovu.”

“Mwalimu, nisikilize. Hili si la nje. Limetengenezwa hapa hapa, na mdogo wangu wa tumbo moja.”

Akalichukua mikononi mwangu, akalizungusha kwenye mwanga, akalipampu mara mbili. Lilitoa mlio ule mzuri.

“Mama,” akaniambia, kwa upole kabisa, “kama mdogo wako angejua kutengeneza kitu kama hiki, angekuwa bado yuko hapa?”

Ndiyo mara ya kwanza katika miaka minne niliyosema ukweli ndani ya duka lile. Haukupata mnunuzi.

Alihesabu fedha zake, akaziweka juu ya meza, akalitia jiko kwenye kikapu. Mtoto aliamka akaanza kulia, naye akatoka haraka akimbembeleza. Ningeweza kumkimbilia. Ningeweza kumshika nguo, nikapiga kelele, nikaonekana mwendawazimu katikati ya barabara. Nilibaki nimesimama, nikijiambia kuwa nimeshamwambia, shauri yake. Nilipotoka mlangoni alikuwa amekwisha potea, na sijui anakokaa.

Mwalimu, kama wewe ni msomaji wa gazeti hili na jiko bado unalo, usiliwashe. Simama hapo hapo usome tena sentensi hiyo, halafu uendelee.

Asubuhi yake nilifika wodini nikamkuta Mashoto amenitangulia. Amekaa upande wa ukutani, mfuko wa turubai umelala mapajani mwake. Macho yalikuwa mekundu, lakini uso ulikuwa umetulia, na utulivu ule haukuwa wa jana.

Siku zote huniamkia kabla sijakaa. Siku hiyo hakuniamkia.

Nikavuta kiti upande wa pili. Shangazi katikati yetu, amefungwa macho, anageuza kichwa kila anaposikia kitu.

“Mbona mmekuja wote kimya kimya?” akasema. “Nimekufa nini, nikasahau kuambiwa?”

“Shangazi,” Mashoto akasema, “lile jiko lililokuunguza nililitengeneza mimi.”

Alilisema bila kusitasita. Shangazi akatoa kicheko cha puani.

“Mwanangu, usijitwike mzigo usio wako ili unifariji.”

“Sikufariji. Ni langu.”

“Lile? Miaka mitatu limewaka moto wa bluu, halijanichafulia sufuria hata moja. Wewe?”

“Moto ni wa bluu kwa sababu matundu ya kichwa nayatoboa madogo, shangazi, halafu nayaongeza mawili pembeni.”

“Sikiliza.” Sauti yake ilishuka, ikawa ile ya kutulaza tulipokuwa wadogo. “Najua nimekusema sana. Nimekaa hapa gizani nimekumbuka yote niliyokusema, na mengine nayajutia. Lakini huna haja ya kujipa jiko la watu ili nikupende. Nakupenda na majiko yako hayo hayo mabaya.”

Mashoto aliinamisha kichwa.

Shangazi akanigeuzia uso wake uliofungwa. “Mama, uko hapo?”

“Nipo, shangazi.”

“Wewe ndiye uliyeninunulia. Wewe hujawahi kunidanganya tangu ulipoanza kusema. Hebu mtoe mwenzio katika mawazo haya. Lile jiko lilitoka wapi?”

Nimewahi kusikia watu wakisema wakati kama huo hujui la kufanya. Mimi nilijua. Nilijua kuwa neno moja la kweli lingempa Mashoto sifa zote za miaka mitatu, ambazo shangazi alimwagia mtu asiyekuwepo. Lingemtua na lile kosa analolibeba. Nilijua pia kuwa neno hilo likitoka, shangazi ataniuliza la pili: kama ni lake, na kama yeye hupima, basi nani alilipasua?

Mashoto hakunitazama. Alikuwa anatazama sakafu, anasubiri, kama anavyosubiri mbele ya karai.

“Lilitoka nje, shangazi,” nikasema.

“Umesikia?” shangazi akamwambia Mashoto. “Sasa kapumzike, mwanangu.”

Mashoto akaitika kwa kichwa, polepole. Akafungua mfuko wa turubai. Akatoa kile kitako cha tangi, amekikata, amekiosha chote mpaka hakuna tone la rangi nyeusi lililobaki. Hakumpa shangazi. Alinyoosha mkono wake wa kushoto juu ya kitanda, akakiweka mapajani mwangu.

Shaba iling'aa. Juu yake, kutoka ukingo hadi ukingo, palijaa mikwaruzo myembamba, yote imelala upande mmoja. Hata mtoto angejua kuwa nyundo haiachi alama kama zile. Nilikumbuka muhuri aliouponda jana, ambao haukuwa na kosa lolote.

Shangazi hakuona kitu. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye mto, anataka kusinzia.

Mashoto akaniuliza, kwa sauti ya kawaida tu, ile ya kuulizia sahani uliyoiazimisha kwa jirani.

“Dada, ile tupa yangu niliyokupa kwa ajili ya kitasa, bado unayo?”

Shangazi akainua kichwa kutoka kwenye mto.

“Tupa gani?” akauliza.